Upepo wa Matairi ya Nyuma

Gari la marehemu lilikuwa nyuma ya kituo cha polisi, chini ya bati lililowahi kuwa banda la pikipiki. Altezza nyeupe, pua yote imekunjamana hadi kwenye usukani, kioo cha mbele hakipo. Inspetora Wahida alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akafungua kofia ya valvu, akabana geji.

"Nilishapima, shefe," alisema Jerónimo, askari msaidizi wake, akiwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Jana asubuhi. Nimeandika kila kitu."

"Najua."

"Upepo haubadiliki kwa kutazamwa."

"Nataka kuuona mwenyewe."

Mshale ulisimama kwenye bar mbili na nusu. Gurudumu la pili la nyuma, vilevile. La mbele kulia lilisoma moja pointi nane. La mbele kushoto halikuwa la kupimwa tena. Lilikuwa limebaki matambara ya mpira yanayoning'inia kwenye rimu.

Udongo mwekundu ulikuwa umetanda kwenye rimu zote, lakini kofia za valvu za nyuma zilikuwa safi. Wahida alizionyesha kwa kidole.

"Hizo ni mimi," alisema Jerónimo. "Nilizifuta nilipopima."

Wahida akaachana nazo. Alipiga picha za matairi ya nyuma, moja baada ya jingine. Kwenye mabega yake, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu, kulikuwa na mabaki ya rangi nyeupe kama chokaa. Ilikuwa imefutika upande wa juu hadi kwenye alama ndogo ya pembetatu iliyochongwa kwenye mpira. Chini ya hapo, nyeupe ilikuwa nzima. Hakujua ina maana gani. Alipiga picha tu.

"Kesi yenyewe iko wazi," Jerónimo alisema. "Nyuma kumejazwa kupita kiasi. Gari limefika kona ya pili, mkia umeteleza, limeacha njia, limegonga ukuta. Tairi la mbele limepasukia ukutani. Aliyejaza ni fundi wake, Tuaibo, na Tuaibo aligombana naye asubuhi hiyo mbele ya watu. Kesho anaondoka na msafara kwenda kwa mwendesha mashtaka. Akishavuka kizuizi, si mzigo wetu tena."

"Gari lililala wapi Jumapili?"

"Uani kwa kaka wa marehemu, Bashiru. Familia waliomba lipite nyumbani kwanza. Lori lao ndilo lililolivuta. Sisi tukalichukua Jumatatu."

Wahida alisimama, akapangusa magoti. Marehemu, Bwanaheri, alikuwa na miaka ishirini na sita, kitinda mimba wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka Mtwara. Alikufa Jumapili akiwa peke yake ndani ya gari, kwenye pista, njia ya lami ya kuzungushia magari, iliyoko kati ya mji na Quitunda. Pista hiyo ilijengwa na mkandarasi mmoja kwa ajili ya kufundishia madereva wake. Vita vilipokuja mkandarasi akaondoka, lami ikabaki. Vijana wachache wenye magari ya kasi wakaomba ruhusa, wakawa wanakimbiza saa badala ya kukimbizana, kila mmoja na zamu yake.

*

Tuaibo aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa peku. Alikuwa mzaliwa wa Rongui, kisiwani, lakini hakuna aliyewahi kumwona na mshipi wa samaki; tangu utotoni alipenda injini. Mke wake aliishi Quitunda. Chakula alichomletea kilikuwa bado kwenye bakuli, hakijaguswa.

"Nani alijaza upepo Jumapili?" Wahida aliuliza.

"Mimi, dada inspetora."

"Kiasi gani?"

"Moja pointi nane. Yote manne, gari likiwa baridi."

"Nyuma kuna mbili na nusu. Nimepima mwenyewe sasa hivi."

Tuaibo aliinua uso. "Basi kuna mtu amejaza baada yangu."

"Nani?"

"Ningejua ningekuwa nimekaa hapa?"

"Mligombana na marehemu."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Alipata pancha akija. Akafika na tairi jingine mbele kushoto, amelifunga mwenyewe. Nikamwambia tairi ambalo halijakimbia usilibane kwa kasi siku hiyohiyo, zunguka nalo taratibu kwanza. Akacheka, akasema nimezeeka. Nikamwambia, basi tafuta fundi mwingine." Alivuta pumzi. "Ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake."

"Tairi hilo alilitoa wapi?"

"Hakusema. Nami nilikuwa na hasira, sikuuliza."

"Baada ya wewe kujaza, nani mwingine aligusa gari?"

Tuaibo alisita. "Nádia, mwenzake wa pistani, alikuwa ameinama kule nyuma kabla Bwanaheri hajaondoka. Lakini Nádia hawezi."

"Kwa nini hawezi?"

Tuaibo alisogeza bakuli kando. Askari alipokuja kumchukua, Tuaibo aliuliza kama mazishi yalikwisha. Wahida akamwambia yalifanyika Jumatatu baada ya adhuhuri. Tuaibo akaitikia kwa kichwa, akatoka.

*

Nádia alikuwa mhandisi kutoka Pemba, si kisiwa bali ule mji wa kusini mwa pwani hiyohiyo, aliyeajiriwa kwenye kazi za gesi. Alikuwa na Altezza kama ya marehemu, ila ya buluu. Wahida alimpigia akamtaka afike pistani alasiri na gari lake, matairi ya saizi ileile, kompresa ndogo na chochote wanachotumia kupaka ile nyeupe.

Alimkuta ameshafika. Amekaa juu ya boneti, helmeti mapajani, anatazama lami tupu. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye maungio. Kwenye benchi la mbao mtu alikuwa amesahau kandambili moja. Hapakuwa na mtu mwingine, wala sauti, ila upepo kwenye mikorosho.

"Wenzenu wako wapi?"

"Hawaji tena. Mmoja amesema anauza gari. Wengine hawapokei simu." Nádia alishuka. "Mimi nami sijui kama ningekuja, usingeniita."

"Umeonekana umeinama nyuma ya gari la Bwanaheri kabla hajaondoka mara ya mwisho."

"Wamesema kweli."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nampakia dawa ya viatu." Alitoa kwenye mkoba kichupa cha rangi nyeupe, ile ya kupakia raba za shule. "Yeye ananipakia mimi, mimi nampakia yeye. Mkono wa mwingine hauna upendeleo."

"Nieleze kama mtu asiyejua chochote."

Nádia alimwongoza hadi kwenye gurudumu la nyuma. "Sisi hatuchagui upepo wa kuondokea. Tunachagua upepo tunaoutaka tairi likishapata moto, halafu tunahesabu kurudi nyuma. Ukizunguka hapa kwa kasi, mpira unachemka, na upepo ndani yake unapanda karibu nusu bar. Kwenye lami hii tunataka mbili pointi tatu ya moto. Kwa hiyo tunaondoka na moja pointi nane ya baridi."

"Na ukiondoka na mbili na nusu?"

"Utafika tatu. Tairi linavimba katikati kama andazi, linakanyaga kwa kitovu tu. Mabega hayagusi lami. Ukifika kwenye kona, nyuma kunakuaga."

"Na ukiweka kidogo mno?"

"Linalala ubavu. Linajikunja, linaungua. Gari linakuwa zito kama linavutwa." Alipaka nyeupe kwenye bega la tairi, mstari mpana. "Ndiyo kazi ya hii. Nyeupe ikifutika mpaka kwenye pembetatu, upepo ni sawa. Ikivuka pembetatu, ni mdogo. Ikibaki haijaguswa, ni mwingi. Tairi halijui kusema uongo."

Wahida hakusema kitu juu ya picha zilizokuwa kwenye simu yake. "Weka moja pointi nane. Endesha kama mnavyoendesha siku zote."

Nádia alipima, akavaa helmeti, akaondoka. Wahida alibaki peke yake kwenye ukingo wa lami. Sauti ya injini ilikwenda mbali, ikazama nyuma ya mikorosho, ikarudi, ikapita, ikazama tena. Kila ilipozama, mahali pale palikuwa kimya kiasi kwamba Wahida aliweza kusikia saa yake ya mkononi. Mzunguko baada ya mzunguko gari la buluu lilimpita, na mkono wa Nádia haukuinuka hata mara moja kumpungia.

Liliposimama, walipima harakaharaka kabla tairi halijapoa. Mbili pointi tatu. Nyeupe ilikuwa imefutika, ikakoma kwenye pembetatu.

"Sasa nyuma weka mbili na nusu," Wahida alisema. "Paka upya. Na usijiumize."

"Nitakwenda taratibu."

"Nenda kwa kasi utakayoimudu."

Safari hii injini haikulia kwa uhakika. Kwenye kona ya pili Wahida aliona nyuma ya gari ikitoka, ikarudishwa, ikatoka tena. Nádia hakumaliza mizunguko yote. Alisimama, akavua helmeti, uso umelowa jasho.

"Hakuna mtu anayeweza kuendesha hivi akafika kona ya pili zaidi ya mara mbili," alisema. "Na yeye alishamaliza mizunguko mingi kabla ya... kabla."

Walitazama tairi. Nyeupe kwenye bega ilikuwa nzima, inang'aa, kama ndiyo kwanza imepakwa.

Wahida akatoa simu, akamwonyesha picha za asubuhi. Nádia alizikuza kwa vidole viwili, akazitazama muda mrefu.

"Haya ni ya Bwanaheri?"

"Ndiyo."

"Upepo wake ulikuwa sawa," Nádia alisema. "Mpaka mwisho ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa akiwa hai. Uliongezwa alipokwisha kufa."

Nádia alikaa chini, palepale kwenye lami, mgongo kwenye gurudumu. Wahida alimwacha akatembea hadi kona ya pili.

Ilikuwa kona ya kulia, pana, ya kasi. Gari linapoichukua, uzito wote unakwenda kwenye gurudumu la mbele kushoto. Ukuta wa zege ulikuwa mbele, na alama ya rangi nyeupe ya gari bado ipo. Kulikuwa na mikwaruzo mingi. Jerónimo alikwishasema ni ya lori lililolivuta gari, na kweli mingi ilitoka ukutani kuelekea getini. Lakini mmoja haukuelekea getini. Ulianza katikati ya kona, mwembamba, wa kina, umechimba lami kama jembe, ukaenda moja kwa moja hadi ukutani. Kando ya mwanzo wake kulikuwa na kipande cha mpira, kikubwa kama kiganja.

Rimu tupu ndiyo inayochimba hivyo. Tairi lilikuwa limekwisha kupasuka na kuachia rimu kabla ukuta haujafikiwa.

Aliokota kipande kile kwa mfuko wa plastiki. Mpira wenyewe ulikuwa mgumu, na ulipokunjwa ulionyesha nyufa nyembamba ndani kwa ndani, kama udongo wa bwawa lililokauka.

"Nádia," aliita. "Tairi jipya linaweza kuwa hivi?"

Nádia alikuja, akakitazama bila kukigusa. "Hilo lina miaka mingi kuliko gari langu."

*

Jua lilikuwa linatua Wahida aliporudi uani mwa kituo. Jerónimo alileta jeki na spana, akafungua nati za gurudumu la mbele kushoto huku akinung'unika. Alilivuta nje, akaliegemeza ukutani, ule ubavu wa ndani, uliosalia kwenye rimu, ukiwa umewageukia.

"Kila tairi lina tarehe yake," Wahida alisema. "Wiki na mwaka. Imechapwa upande mmoja tu. Tafuta."

Jerónimo aliwasha tochi ya simu. Kwenye matairi mengine matatu, alipolala chini na kuchungulia, tarehe zilisomeka. Kwenye hili alizunguka rimu nzima, akarudi alipoanzia.

"Haipo, shefe."

"Pitisha kidole hapa."

Alipitisha. Sehemu moja ya ubavu ilikuwa laini kuliko nyingine, imepungua kidogo, na juu yake imepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha. Kidole kilitoka cheusi.

"Imesagwa kwa grinda," alisema Jerónimo. Alijifuta kidole kwenye suruali. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Nilitazama nyuma kwa sababu nyuma kulikuwa na kosa la kuonekana."

"Ndiyo maana liliwekwa."

Wahida alitia sahihi daftari la zamu, akaenda nyumbani. Alikuwa amepanga chumba kwenye nyumba ya vyumba vinne, na vitatu vilikuwa na kufuli. Wenyewe walikimbilia Nampula na hawajarudi. Alichemsha maji, akasonga ugali wa mtu mmoja, akala na dagaa kwa kusimama karibu na dirisha. Alimpigia dada yake aliyeko Pemba. Simu iliita hadi ikakatika. Akaosha sufuria, sahani na mwiko.

*

Asubuhi baada ya sala alikwenda dukani kwa Bashiru. Duka lilikuwa wazi tayari, ingawa siku za matanga zilikuwa ndiyo kwanza zimekwisha. Matairi yalipangwa ukutani hadi dari, meusi, yanang'aa. Kompresa ilikuwa pembeni, mpira wake umezungushwa vizuri. Kwenye uwanja wa nyuma mikeka ya msiba ilikuwa bado imetandikwa, haina mtu.

Bashiru alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, kofia ya kitambaa, macho mekundu. Alimpa kiti.

"Pole tena, kaka Bashiru. Mungu amrehemu."

"Amina. Karibu, inspetora. Nitakuwekea chai."

"Usijisumbue. Watu walikuja kuhani?"

"Wachache. Watu wetu wengi wako ng'ambo. Mke na watoto wako Mtwara tangu vita. Mama yuko huko, miguu haimbebi. Hapa tulikuwa mimi na yeye." Alinyoosha mikono magotini. "Nimesikia Tuaibo anaondoka leo."

"Msafara unasubiriwa kizuizini."

"Basi haki itatendeka."

"Jumapili asubuhi ulikuwa hapa dukani?"

"Nilikwenda Quionga, kuna mzigo nilikuwa naufuata. Nilirudi baada ya adhuhuri. Niliwakuta wananisubiri mlangoni na habari."

"Nani alikuwa na ufunguo wa duka?"

"Mimi. Na yeye."

"Alipata pancha akielekea pistani. Alirudi hapa?"

Bashiru alitazama mlango. "Huenda."

"Gari lilipoletwa uani kwako, ulilitazama?"

"Nililitazama. Nani asingelitazama?"

"Ulitazama gurudumu la mbele kushoto."

Nje, mtu alipita na baiskeli, akatoa salamu, hakuna aliyeitika.

"Kaka Bashiru, jana nimeendeshewa gari kama lile, kwenye lami ileile. Matairi ya nyuma ya Bwanaheri hayakuwahi kuzunguka hata mara moja yakiwa na ule upepo. Uliwekwa gari likiwa limesimama. Lilisimama hapa kwako usiku mmoja, kisha likaja kwetu. Kwetu hakuna kompresa." Wahida alitoa mfuko wa plastiki, akaweka kile kipande cha mpira juu ya meza. "Na hiki nimekiokota kabla ya ukuta. Si baada."

Bashiru hakukigusa. Alikitazama kama mtu anayetazama kidonda chake mwenyewe.

"Mimi sikumpa," alisema.

"Najua."

"Sikumpa, inspetora. Ningekuwa hapa ningemwambia, acha hilo, chukua lile la juu. Yale yaliletwa kwenye kontena pamoja na mengine, ya zamani, yamelala mahali miaka na miaka. Kwa macho ni mapya, meno yote yapo. Nilisaga tarehe, nikayapaka dawa, nikayaweka chini kule, karibu na mlango." Aliinua mkono kuonyesha, mkono ukabaki hewani. "Karibu na mlango. Yeye alikuwa na haraka. Akachukua la kwanza aliloliona. Kwa nini asichukue? Duka la kaka yake."

"Ukaliona lilipoletwa."

"Nililitambua kabla hawajashusha mnyororo. Nikawaambia waende, niachieni gari. Maiti ilikuwa bado hospitali. Nikakaa naye... nikakaa na lile gari. Nikafikiri, wakilitazama hili gurudumu watakuja hapa. Nikawasha kompresa. Watu walikwishasema Tuaibo aligombana naye. Sikuanzisha mimi maneno hayo."

"Uliyatumia."

"Nimeyatumia."

Alianza kulia bila sauti, mdomo umefumba. Wahida alimsubiri. Alipojifuta, Wahida aliuliza swali lililomleta.

"Yako wapi mengine?"

"Yapo hapa. Na manne kwa Issufo."

"Issufo yupi?"

"Mwenye pikapu ya abiria. Yeye huenda hadi Mbau, pamoja na msafara." Bashiru alinyanyuka ghafla, kiti kikaanguka. "Leo ni siku yake ya safari."

*

Simu ya Issufo haikupatikana. Jerónimo aliendesha, Wahida mbele, Bashiru nyuma na spana na magurudumu manne mazima aliyoyabeba mwenyewe bila kuambiwa. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa na mchanga pembeni na nyumba zisizo na mapaa.

Magari yalikuwa yamepangana mbele ya kizuizi, yakisubiri wanajeshi wa kuyasindikiza. Pikapu ya Issufo ilikuwa karibu na mwanzo, abiria wamejaa nyuma, wanawake na mabunda yao, mzee mmoja amekumbatia mashine ya kushonea. Magari mawili mbele yake lilikuwepo gari la polisi. Kichwa cha Tuaibo kilionekana dirishani.

Wahida alishuka. "Kaka Bashiru, waambie."

"Wewe ndiye serikali. Waambie wewe."

"Wewe ndiye unayejua."

Bashiru alitembea hadi kwenye pikapu. Issufo alitoa kichwa nje, akaanza kumpa pole ya msiba. Bashiru akamkatisha.

"Shusha watu. Yale matairi niliyokuuzia ni mabovu."

"Yapi? Uliniambia mapya."

"Nilikudanganya. Ni ya zamani, nimefuta tarehe. Moja la aina hiyo ndilo lililomuua mdogo wangu."

Issufo alimtazama, kisha akazima injini. Nyuma walikuwa wamesikia. Mwanamke wa kwanza alishuka bila kuambiwa, akampokea mwenziwe mtoto. Wakashuka wote, wakasimama ukingoni mwa barabara. Hakuna aliyemtukana. Mzee wa mashine ya kushonea aliuliza sasa watafikaje.

Wahida alikuwa ameshafika kwenye gari la polisi. Askari wa ndani alitaka karatasi ya kumwachia Tuaibo. Wahida akaiandika palepale juu ya boneti, akatia sahihi. Pingu zilifunguliwa. Tuaibo alishuka, akasugua vifundo vya mikono, akatazama pikapu, watu walioketi mchangani, na Bashiru aliyepiga magoti anaweka jeki.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Tairi lilitoka dukani kwake. Na upepo wa nyuma aliongeza yeye."

Tuaibo alikwenda hadi pale. Bashiru aliinua uso, akafungua mdomo.

"Umemzika wapi?" Tuaibo alimuuliza.

"Makaburi ya juu. Mstari wa mwisho, upande wa ukuta. Bado hatujaweka alama."

Tuaibo akageuka. Wahida alimwambia asubiri, gari litamrudisha. "Nitatembea," alisema, na akaondoka kwa kuifuata barabara kurudi mjini, peku kama alivyoletwa. Hakugeuka nyuma.

Wanajeshi walifika. Baadhi ya abiria walipata nafasi kwenye magari mengine, waliobaki walikwenda kukaa kivulini pamoja na Issufo. Kizuizi kikafunguliwa, magari yakaondoka moja moja, vumbi likapanda, likatua. Barabara ikabaki tupu, na pikapu moja imeinuliwa upande mmoja.

Bashiru alitoa gurudumu la kwanza, akafunga zima. Alipokuwa anafungua nati za gurudumu la pili alisimama.

"Inspetora, simu yangu unayo wewe."

"Ni kielelezo sasa."

"Nataka kumpigia mama. Mara moja tu. Nilimwambia ni fundi ndiye aliyemuua. Amewaambia watu wote, na mtaa mzima unamlaani huyo mtu. Akisikia kwa mwingine..."

Wahida aliitoa kwenye bahasha, akampa. Laini ya ng'ambo ilishika. Bashiru aliamkia, akaulizwa hali, akajibu. Aliuliza miguu, aliuliza watoto, aliuliza kama mvua imenyesha. Wahida akasogea mbali, akampa mgongo. Alisikia sauti ya Bashiru ikishuka, ikasema maneno machache, ikanyamaza.

Alipogeuka, Bashiru alikuwa amemnyooshea simu.

"Amekata," alisema, akainama tena kwenye gurudumu.